Muulize Fundi: Mashine inanitekenya

SWALI: Shikamoo, fundi. Mimi ni muuguzi wa zahanati ndogo hapa Lamu. Nikigusa bodi ya chuma ya mashine yetu ya kufyonza makohozi, vidole vinatekenywa. Mwenzangu asema ni kawaida. — Muuguzi, Langoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kawaida ya nani? Zima swichi ya ukutani, chomoa, bandika karatasi "Isitumike", uite fundi wa vifaa vya tiba. Hebu tazama plagi. Nimekuta nyingi zimekatwa ile pini ndefu ya ardhi, inayopeleka umeme uliovuja ardhini, na kijiti kimechomekwa tundu la juu ili soketi ifunguke. (Kijiti! Wodini!) Basi umeme wa volti 240 ukivuja kwenye bodi, njia yake ni wewe, au mgonjwa aliyelowa jasho. Chumvi ya bahari nayo hula viungio. Isirudi kazini kabla ya kupimwa waya wa ardhi na uvujaji.