Maswali ya Wasomaji: Je, mbuzi wa udongo anaweza kuomba radhi?

SWALI: Mimi ni mama ninayeishi Kibosho, na nimekuwa nikifinyanga kwa miaka minne sasa. Dada yangu na mimi hatujasemezana tangu tulipogombania kihamba, yaani shamba la ukoo, alichotuachia baba. Nimeazimia kumpelekea mbuzi wa udongo aliyevikwa jani la isale shingoni, kwa sababu nahofia kwamba mbuzi wa kweli atamrudisha kabla hajafika getini. Nimekwisha kufinyanga watatu. Kila anayewaona anasema ni mbuzi hasa, lakini hakuna hata mmoja anayeonyesha kwamba ninajuta. Mume wangu ananishauri nimwekee machozi, au nimpe macho ya binadamu. Je, mnyama wa udongo anaweza kweli kubeba hisia za mtu?
Msomaji, Kibosho, Moshi

JIBU: Anaweza, dada yangu, na umechagua njia nzuri, kwa kuwa hata msomaji asiye Mchagga akielezwa kwamba jani la isale ni jani la kuombea msamaha, ataelewa mara moja mbuzi huyo ametumwa na nani na kwa nini.

Machozi usimwekee. Mbuzi halii kwa huzuni, na mtazamaji anayeoneshwa machozi huwa ameamriwa ahuzunike kabla hajaona jambo lolote la kumhuzunisha. Macho ya binadamu nayo uyaache, maana mboni ya mbuzi ni mstari uliolala, na ukiigeuza kuwa duara utapata mtu aliyejifunika ngozi ya mbuzi, jambo ambalo litamfanya dada yako acheke au aogope, wala hutaki lolote kati ya hayo.

Hisia za mnyama wa udongo hukaa mgongoni, shingoni, masikioni, na zaidi ya yote katika namna uzito wake ulivyogawanyika juu ya miguu minne. Nenda siku ya mnada pale Weruweru, usimame mahali pamoja kwa saa nzima bila kununua kitu, uwatazame mbuzi. Utaona kwamba mwenye wasiwasi hurudisha masikio nyuma, na aliyechangamka huyaelekeza mbele huku mkia umesimama. Kisha mtafute yule anayemwendea mtu asiyemwamini: shingo ameinyoosha mbele kadiri inavyofika, pua inanusa, lakini miguu ya nyuma ameikaza pale pale ilipokuwa, tayari kurudi. Sasa jiulize mwili wako ulikaaje mara ya mwisho ulipopita mbele ya geti la dada yako. Nadhani ulikaa hivyo hivyo. Mbuzi hajui majuto, ila anaujua mkao ambao mwenye majuto huukaa, na kazi ya mfinyanzi ni kuutafuta mkao huo mmoja ambamo mnyama na mtu hukutana bila yeyote kati yao kudanganya.

Mchongaji wa Marekani Beth Cavener amejulikana duniani kwa kazi ya namna hii. Mbuzi, sungura na mbwamwitu wake ni wanyama kwa kila kiungo, ila ukiwatazama jinsi walivyojikunja au kupinda shingo, unatambua aibu, tamaa au woga ambao umewahi kuuona kwa jirani, au kwako mwenyewe. Hujenga kwanza umbo zima lisilo na uwazi ndani, juu ya kiunzi cha chuma, ili aweze kusukuma na kuvuta udongo hadi mkao utoke. Baadaye hulikata vipande, akavichimba ndani, akavichoma, ndipo akaviunganisha. Nimetaja utaratibu huo kwa makusudi, kwa sababu unaonyesha kwamba mkao hutangulia na manyoya hufuata. Katika maelezo yako nahisi umeanza na manyoya.

Kwa hiyo chukua udongo, ufinyange mbuzi kumi wasiozidi ngumi yako, wasio na macho, masikio wala kwato, kila mmoja kwa dakika chache tu. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na hapa maneno hayo yana maana yake ya asili kabisa: udongo ukianza kukauka hautakubali tena kubadili shingo. Wapange dirishani, uwaache hadi kesho yake, kisha umchague yule ambaye ungemtambua kuwa anaomba jambo hata kama ungemwona kwa mbali. Huyo ndiye wa kumkuza.

Jani la isale lilaze shingoni bila kulifunga fundo. Likikazwa kama kamba, mbuzi ataonekana mateka anayeburutwa, na dada yako atasoma kwamba umelazimishwa kuja.

Usidhani pia kwamba jambo hili ni geni kwetu. Hans Cory, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1956, alieleza sanamu ndogo za udongo, za wanyama zikiwemo, zilizotumika kuwafundisha vijana wa jando na unyago katika jamii kadhaa za Tanganyika, na sanamu hizo zilikuwa na nyimbo zake. Mnyama wa udongo alikuwa akizungumza juu ya mambo ya watu hapa hapa nchini, na waliomtazama walijua kwamba hazungumzii mifugo.

SWALI: Nafinyanga mbwa na punda, na ninapenda wawe wazito, kwa sababu huzuni ninayotaka kuionyesha ni nzito. Wengi wao hupasuka tanurini. Je, nipunguze unene na kupoteza hisia?
Msomaji, Usa River, Arusha

JIBU: Uzito unaoonekana na uzito wa kwenye mizani ni vitu viwili. Punda aliyeinamisha kichwa hadi chini ya mabega huonekana mzito hata akiwa mtupu ndani. Kinachomlipua ni maji yaliyobaki katikati ya udongo mnene: yakichemka hugeuka mvuke unaohitaji nafasi takriban mara 1,600 ya ile ya maji, na mvuke huo usipopata pa kutokea hujifungulia njia wenyewe. Mchimbe ndani hadi kuta zisizidi sentimita 2 hivi, utoboe tundu dogo chini ya tumbo, uchanganye udongo na vigae vilivyosagwa, umkaushe kivulini kwa wiki kadhaa, na usiruhusu joto lipite nyuzi 100 kabla hajakauka kabisa. Kuwa mpole tena karibu na nyuzi 573, ambapo chembe za kwazi (madini magumu ya mchanga) zilizomo ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, moto unapopanda na pia unaposhuka.

Mwenye ufa usimtupe upesi. Johann Joachim Kändler, aliyeingia kiwanda cha Meissen huko Ujerumani mwaka 1731, alifinyanga wanyama wakubwa wa kauri kwa ajili ya kasri ya mtawala wake, Augustus, akiwemo mbuzi jike anayemnyonyesha mwanawe, na wengi wa wanyama hao walitoka tanurini na nyufa zinazoonekana hadi leo katika majumba ya makumbusho. Ufa uliopita mgongoni unaweza kuachwa kama ulivyo. Uliokata shingo, pale ambapo mkao wote umeshikwa, unakulazimu uanze upya.