Maswali yenu ya kudaka: macho kwanza, glavu baadae

Salamu zenu nimezipata, Unguja na Pemba. Meseji za wiki hii takriban zote ni za futiboli ya Marekani na zinahusu kudaka, na mie nimefurahi mana hiyo ndio kazi ya risiva, yule mchezaji wa kupokea pasi, mbio kila mtu anazo. Ntajibu moja moja, nyengine kwa kirefu nyengine kwa ufupi.

Kocha, ninunue glavu gani? Jang'ombe.

Hili suali nshalijibu sijui mara ngapi na kila wiki linarudi. Usinunue. Daka kwa mikono mitupu miezi mitatu kwanza. Zamani kule NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, wachezaji wakijipaka gundi mikononi, ikapigwa marufuku 1981, na hizi glavu za leo zenye kiganja cha kunata ndio zimekuja kuziba pengo lile. Zinasaidia, sikatai, lakini zinamsaidia yule ambaye mkono wake ushakaa sawa. Mkono uliokaa vibaya hauwekwi sawa na glavu. Na hapa kwetu vumbi la kiwanjani na chumvi ya bahari vikishaingia kwenye kile kiganja hakishiki tena, pesa ishakwenda.

Pasi ngumu nadaka, ile laini ya mkononi kabisa inaniponyoka. Kwa nini? Chake Chake.

Mwanangu, kwa sababu ile laini huiangalii. Ile ngumu inakutisha kwa hivyo unaitolea macho mpaka mwisho, ile laini unaiangalia nusu ya njia halafu kichwa kishageuka kutazama beki yuko wapi, unaanza kukimbia na mpira ambao bado huna. Jioni moja nilikaa Maisara nikawatazama vijana wetu, na mie sikuangalia mikono, niliangalia kidevu. Anaedaka, kidevu chake kinashuka pamoja na mpira mpaka kwapani. Anaeangusha, kidevu kimebaki juu. Kila mara ilikuwa hivo hivo.

Sasa fanya hivi. Chukua mipira ya tenisi mitatu minne, iandike namba kubwa kwa maka peni, mwenzako akurushie polepole kutoka hatua tano, udake kwa mkono mmoja na uitaje namba kabla mpira haujafika. Ikishakuwa rahisi hamia mpira wenyewe, andika namba karibu na ncha. Halafu mtu wa tatu asimame mbele yako kidogo pembeni apunge kanga wakati mpira unakuja, mana siku ya mechi kutakuwa na mkono wa beki mbele ya uso wako na lazima macho yazowee kupita katikati ya vurugu.

Mikono nayo. Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba na vya shahada vikaribiane, viganja viutazame mpira, baina yake utaona umbo la tiara, pale ndio ncha ya mpira inapoingia. Ukija chini ya kitovu, geuza, vidole vidogo ndio vikutane. Viwiko vikunje kidogo visigande. Na sikiliza, ukisikia kishindo kikubwa mikono migumu, mpira uliopokelewa vizuri sauti yake ndogo. Wengi wenu mnaukumbatia kifuani, na kifua ni ubao, mpira unadunda. Dawa yake ni mnazi. Simama nyuma ya mnazi kifua kiguse gome, mikono ipite huku na huku, udake mbele ya mti, hapo kifua hakina pa kuingilia. Lakini jamani tazameni juu kwanza! Mnazi wenye nazi kavu au makuti yanayoning'inia msisimame chini yake, tumieni mlingoti wa goli.

Ukishadaka ufiche. Vidole vifunike ncha, mpira ukae juu ya kigasha, ubanwe baina ya mkono na mbavu. Hapo tena ndio ukimbie.

Nataka kudaka kwa mkono mmoja kama Odell Beckham Jr. Nifanye zoezi gani? Kwerekwe.

Lile daka lake maarufu la Novemba 2014, akiwa risiva wa New York Giants dhidi ya Dallas Cowboys, beki alikuwa anamzuia mpaka refa akatoa adhabu, na yeye zile za mkono mmoja akizifanyia mazoezi kabla ya mechi. Daka mia kwa mikono miwili bila ya kuangusha, halafu niandikie tena.

Mie ni mwanamke, miaka 22, nacheza netiboli tokea skuli. Naweza kuwa risiva wa flegi futiboli? Paje.

Dada yangu, mtu kama wewe ndie ningemchukua mwanzo. Ushazowea mpira wa juu, ushazowea kudaka na mtu kakusimamia, na kama utotoni ulicheza nage basi macho yako yako macho kweli kweli. Flegi futiboli, ile ya kuvuta bendera, yaani kitambaa cha kiunoni, badala ya kumkumba mtu, imeingizwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake, watano kwa watano, kwa hivyo usije ukaambiwa mchezo huu si wa wanawake.

Kitu kimoja tu ukiondoe mwilini. Netiboli imekufundisha kudaka na kusimama, mana sheria ya miguu inakukataza kukimbia na mpira. Huku ukisimama bendera ishavutwa. Anza kwa kutembea, mtu akurushie huku unatembea na usikate hatua, kisha kimbia nusu kasi, kisha kasi yote. Na mpira unaokuja kutoka nyuma ya bega, usinyooshe mikono mapema kama mtu anaepokea sinia, endelea kupiga mbio kwa mikono yote miwili, inyooshe mwisho kabisa. Mikono ikitoka mapema mbio zinakufa na beki anajua mpira unafika.

Na wanaosema mambo ya stara, flegi hakuna kukumbana, kinachovutwa ni kitambaa cha kiunoni. Suruali ndefu, mtandio wa michezo, kacheze.

Sina wa kunirushia. Wete.

Ukuta na mpira wa tenisi, dakika kumi kila siku, mkono wa kushoto upate zaidi. Usiku lala chali urushe mpira juu uudake kwa ncha za vidole. Jerry Rice, risiva wa zamani wa NFL, baba yake alikuwa fundi wa kujenga matofali huko Mississippi, watoto wakimsaidia, ndugu zake wakimrushia matofali na yeye akiyadaka, na amemaliza NFL na pasi 1,549 ambazo mpaka leo hazijafikiwa. Lakini msiende kurushiana matofali wala nazi, zile ni za kuvunja meno. Pemba machungwa hayakosekani, rusha chungwa bivu juu kabisa, lidake, ulitazame. Likiwa limepondeka ulilipiga, hukulipokea.

Nifanye nini ili nidake vizuri?

Hujanambia umri, hujanambia unaangusha ya juu, ya chini au ya mgongoni. Ntakujibu nini? Andika tena. Wakati huo huo uangalie mpira wako, mana wengi wanaupeleka kwa fundi baskeli unajazwa mpaka unakuwa jiwe. Mpira wa kawaida wa NFL upepo wake ni pauni 12.5 mpaka 13.5 kwa inchi ya mraba basi. Na usiuache juani, upepo unatanuka.

Kijana wangu kadaka vibaya, ncha ya kidole imeinama haisimami. Nimpeleke kwa mchuaji? Mkoani, mzazi.

Hapana mama, tafadhali. Usimruhusu mtu akivute. Ncha ikishindwa kunyooka yenyewe, mshipa wake huenda umekatika au kipande cha mfupa kimetoka, na dawa yake ni kufungwa kibao kidole kikiwa kimenyooka, wiki sita na zaidi bila ya kukunja hata mara moja. Kapigwe eksirei, leo. Hii inatokea vidole vinapoelekea mpira kama mikuki, tena hasa kwa kijana anaepokea pasi ngumu kabla hajafundishwa ile tiara.

Pembeni ya uwanja, mguu mmoja au miwili? Nungwi.

Ili pasi ihesabike, miguu inayotakiwa kugusa ndani ya mstari ni hii: NFL miwili, vyuo vya Marekani mmoja, flegi mmoja. Nyie fanyeni miwili. Teremkeni pwani maji yakitoka, chora mstari mrefu kwenye mchanga mgumu, rusheni mipira inayotoka nje na kila mmoja adake huku vidole vya miguu vinagusa ndani. Mchanga hausemi uongo. Juzi wawili walibishana mpaka sauti zikapanda, tukainama kutazama, vidole ndani ya mstari na kisigino cha mguu ule ule kimekanyaga nje, basi ile si pasi, ugomvi ukaisha. Mkimaliza ufuteni mpira kwa kitambaa chenye maji ya bomba na muuanike kivulini, chumvi inaila ngozi.