Mauaji hutatuliwa? Na simu "husoma" nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina steshenari ndogo Kiboriloni, Moshi. Kijana mmoja ameniletea maandishi ya kipindi chake nimchapie. Kinahusu kesi za mauaji za Ulaya na Marekani zilizokaa miaka mingi bila muuaji kujulikana. Yeye ameandika "mauaji yasiyotatuliwa" na "polisi walitraki simu ya muuaji." Mimi nikabadilisha, nikaweka "mauaji yasiyofumbuliwa" na "polisi walidukua simu ya muuaji." Sasa amegoma kulipa mpaka nirudishe maneno yake. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba, dada. Mmekosea wote wawili, ila yeye kidogo kuliko wewe, kwa hiyo hiyo hela usiidai kwa ukali sana.

Tatua limetokana na tata, lile lile lililotuzalia utata, matata, tatizo na kutatana. Uzi ukitatana, unakaa chini unautatua. Hapo -ua inapindua maana ya kitenzi, kama katika funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, fukia na fukua. Magazeti yetu yakiandika "kifo chenye utata" yanasema kitu kilichonyooka kabisa: kuna uzi umejifunga mahali. Basi kinachotatuliwa ni ule utata. Mauaji yenyewe hayana wa kuyatatua, mtu amekwisha kufa. Ningemshauri kijana aandike "utata wa mauaji hayo" au "kesi haijatatuliwa," na hata akiacha kama alivyoandika, msomaji hatapotea. Fumbua lako ndilo lililopotea njia. Kinachofumbuliwa ni kilichofumbwa: macho, au fumbo. Kama ulitaka fumbua, ulipaswa kuanza na "fumbo la mauaji."

Kosa lake kubwa limejificha kwenye -siyo-. "Yasiyotatuliwa" haina wakati. Ni kama kusema maji yasiyonyweka: ndivyo yalivyo, ndivyo yatakavyobaki. Kiswahili kina -ja- kwa ajili ya mambo ambayo mlango wake haujafungwa, na "ambayo hayajatatuliwa" inaacha faili mezani. Tofauti hiyo si ya darasani tu. Kule California mtu mmoja aliua watu 13 katika miaka ya 1970 na 1980, kisha akanyamaza. Aliyeandika habari zake mwaka 2000 kwa -siyo- angeumbuka Aprili 2018, Joseph DeAngelo, polisi wa zamani, alipokamatwa akiwa na umri wa miaka 72. Mwaka 2020 alikiri mahakamani.

Na alikamatwa kwa kitu ambacho Kiswahili kimekipa jina zuri kuliko lugha nyingi nizijuazo. Wapelelezi walikuwa na vinasaba vilivyohifadhiwa kutoka kwenye matukio ya zamani. Wakavilinganisha na vya watu waliojiandikisha wenyewe mtandaoni kutafuta asili zao, wakapata ndugu wa mbali, wakachora ukoo kizazi kwa kizazi mpaka wakamfikia. Kinasaba ni ki- na nasaba, yaani kidude cha ukoo. Yule bwana alinaswa na nasaba yake hasa. Kila ninapomsikia mtangazaji akisema "dieniei" wakati neno hili lipo, na sheria yetu ya mwaka 2009 inahusu vinasaba vya binadamu, nasikitika kidogo. Kidogo tu, maana hata mimi dukani nasema dieniei.

Sasa simu. Kudukua, dada, ni kuingia bila ruhusa kwenye simu au mfumo wa mtu. Mdukuzi ni mvunja sheria. Ukiandika polisi "walidukua," umewashtaki. Polisi waliopata kumbukumbu za mawasiliano kutoka kampuni ya simu kwa utaratibu wa kisheria walifuatilia. Ila fuatilia nalo lina shida yake hapa kwetu, maana tunafuatilia hati ya kiwanja, tunafuatilia deni, tunafuatilia tamthilia. "Polisi wanafuatilia simu" inaweza kuwa simu iliyoibiwa Soko la Mbuyuni. Ongeza neno moja: "walifuatilia nyendo za simu." "Kufuata nyayo" lisitumike, ingawa linavutia, kwa sababu kwetu anayefuata nyayo za mtu anamuiga.

Halafu uliza: simu ipi? Neno lenyewe tulilipata Uajemi, na huko lilimaanisha waya (vijana wanaosema "nivutie waya" wamerudi kwenye asili bila kujua). Leo "simu yake" ni mwito wake, ni namba yake, na ni kile kifaa mfukoni. Kwa mpelelezi hivyo ni vitu vitatu. Laini inaweza kutupwa jalalani Njiro na kifaa kikaendelea kutumika Himo kwa laini nyingine. Kifaa kina namba yake yenye tarakimu 15, ambayo utaiona ukibonyeza *#06#, na namba hiyo haibadiliki kwa kubadili laini. Kwa hiyo kijana achague: walifuatilia laini, au walifuatilia kifaa?

Mtaani wana neno lao, na mimi nalipenda: "simu ilisoma Kikatiti." Husoma mnara wa mtandao ulioihudumia, yaani ilionekana kwenye mnara wa Kikatiti. (Sisi wa Arusha tuwe waangalifu, tukisema "ilisoma mnara" mtu asidhani ni Mnara wa Saa.) Uzuri wa "ilisoma" ni kwamba mtendaji ni simu, mtu hatajwi. Tatizo linaanza mwandishi anapogeuza: "mtuhumiwa alikuwa Kikatiti." Hayo hayakusemwa na mnara. Mnara unajua tu kwamba kifaa kilikuwa ndani ya eneo lake, na eneo hilo mjini linaweza kuwa mitaa michache, huko porini kilomita nyingi. Kwa GSM ya kawaida, ile teknolojia ya simu za 2G, upeo wa mnara ni kama kilomita 35, karibu nusu ya njia ya Arusha kwenda Moshi. Wala haujui simu ilikuwa mkononi mwa nani.

Kuhusu "muuaji," kwa DeAngelo ruksa, amekiri na amehukumiwa. Kwa wengine, anayeshukiwa ni mshukiwa, akituhumiwa ni mtuhumiwa, akifikishwa mahakamani ni mshtakiwa. Kukiri peke yake nako kusimharakishe mwandishi. Uingereza mwaka 1986 kijana wa miaka 17 alikiri kumuua msichana, vinasaba vikaonyesha si yeye. Aliyeua alihukumiwa mwaka 1988.

Umeniambia pia kwenye karatasi ya pili kuna sentensi hii: "Saa nne usiku simu ya marehemu ilizimwa." Hukuigusa, na hiyo ndiyo ningeigusa kwanza. Ilizimwa ina mtu nyuma yake; kuna kidole kilichobonyeza. Ilizimika haina mtu, huenda ni chaji. Mwandishi ambaye hakuwepo, na ambaye anachojua ni kwamba simu ilitoweka hewani, hana haki ya -wa. Kuna dada mmoja anayelijua hilo kuliko waandishi wengi, yule anayetujibu kila siku kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Hasemi imezimwa, hasemi imezimika. Mwandikie kijana hivi: "Kuanzia saa nne usiku simu ya marehemu haikupatikana tena," kisha mwambie alipie kurasa zote mbili.