Hakuna programu ya kuokoa rekodi mbovu

Msomaji mmoja wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, amenitumia rekodi ya sauti yake na kuuliza ni programu gani itakayoisafisha. Rekodi ile haina tatizo moja. Ina mvumo, ina mwangwi, na kila anapotamka "p" unasikia kishindo. Kila kasoro ina chanzo chake, na nyingi huondolewa kabla hujaanza kurekodi.

Anza na mvumo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwa hiyo "mmm" nzito isiyokatika kwa kawaida inatoka kwenye nyaya. Chomoa chaja, tumia betri, rekodi sekunde kumi za kimya. Mvumo ukiisha, mchawi ni chaja. Ukibaki, tenga kebo ya maiki na waya wa umeme, na kama hazina budi kupishana, zipitane kama msalaba, zisilale sambamba. Zima friji pia. Ukisikia "tititi-titi", hiyo ni simu inayotafuta mtandao; ipeleke chumba kingine.

Mwangwi ndio unaowasumbua wengi, maana nyumba zetu za kupanga ni saruji na vigae kila upande. Piga kofi moja: ukisikia mlio mkali ukibaki hewani, chumba hakifai bado. Trei za mayai ukutani hazisaidii, tafadhali acheni kuzikusanya. Tundika mablanketi mazito nyuma yako na kando, kwa sababu maiki nyingi za kurekodia sauti zinasikia zaidi upande wa mbele, yaani wewe na ukuta ulio nyuma yako. Kisha isogelee maiki. Shibiri moja kutoka mdomoni, sentimita 15 hadi 20, inatosha. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako inayoifikia maiki inapungua kama desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) 6, ila mwangwi unabaki palepale.

Kuhusu kishindo cha "p" na "b", weka kiganja mbele ya mdomo useme "pa, pa". Pumzi inakipiga. Kisogeze taratibu kuelekea shavuni huku ukiendelea kusema, mpaka usihisi upepo. Hapo ndipo pa kuweka maiki, ikiwa bado imeuelekea mdomo.

Vilele vya sauti, yaani pale inapopanda juu kabisa kwenye kipimo cha programu, viwe kati ya -12 na -6 dB. Sauti iliyopasuka kwa kupita 0 haitengenezeki vizuri, irudie.

Honi za matatu hazizuiwi na blanketi. Rekodi usiku wa manane au alfajiri, na mvua ikigonga mabati, subiri. Kelele ndogo iliyobaki ndiyo kazi ya programu. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata kwanza sauti nzito zilizo chini ya 80 Hz, chagua sekunde chache za kimya kama sampuli, kisha punguza kelele desibeli 6 hadi 12. Ukizidisha, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya maji, na hapo ni heri ungeiacha na kelele yake.