Usipande Tarumbeta Dirishani: Yaliyonikuta Kiamunyi

Wiki jana dada mmoja wa Kakamega aliniandikia saa tano usiku. Amejenga, amehamia, sasa anataka ua wake upendeze. Aliona picha ya mti wangu wa maua meupe yanayoning'inia, ule ambao sisi wauza miche tunauita tarumbeta, akauliza mambo mawili. Mche ni pesa ngapi? Na ni kweli kwamba mume na mke wakilala karibu na maua hayo huota ndoto moja? Akamalizia: "Kama ni kweli, nitumie miwili."

Dada, si wewe wa kwanza kuuliza. Nilianza kukujibu kwa simu nikaona vidole vitachoka, na mwezi ujao mwingine atauliza yaleyale. Tena nawajua mnaonisoma. Mnataka ploti yenye hati, ua wenye majani mabichi, na biashara ya miche itakayokutoa kwenye kuomba nauli. Mimi nimefika huko. Kwa hiyo vuteni viti.

Mti wenyewe niliupata Njoro mwaka 2019, kijiti cha urefu wa mkono kutoka kwa mama aliyekuwa akipogoa ua wake. Hakunidai hata shilingi. Tarumbeta haina maringo: chomeka kijiti kwenye udongo wenye samadi, mwagia maji mengi, kitashika. Nilikichomeka chini ya dirisha la chumba cha kulala. Hapo ndipo nilipokosea, na mtanisikia nikisema hivyo tena. Miezi ya kumwagilia na kupigana na inzi weupe nairuka, haina hadithi. Mvua za mwaka uliofuata mti ulikuwa umepita kizingiti cha juu cha dirisha.

Asili yake ni Amerika Kusini, hasa milima ya Andes upande wa Kolombia, Ekwado na Peru. Huko porini kwao haupo tena. Aina zake zote zimeorodheshwa kuwa zimetoweka msituni, na zilizobaki ni hizi tunazopanda sisi majumbani. Jamaa yake mnamjua: mnanaha, ule wenye tunda la miiba unaowasumbua kwenye mahindi. Ua la mnanaha husimama, la tarumbeta huinamia chini. Mchana halinuki sana. Jua likizama ndipo linapoachia harufu yake, likiwaita nondo wa usiku, na kwetu harufu hiyo iliingia dirishani ikatulia kwenye mto.

Mwaka 2020 Nakuru yote, pamoja na sisi wa Kiamunyi pembeni mwa mji, ilikuwa ikizungumzia maji. Ziwa lilikuwa limepanda, lango la zamani la hifadhi limezama, watu wa mtaa wa Mwariki wanahama nyumba zao, flamingo wengi wameenda zao Ziwa Bogoria. Usiku mmoja niliota maji yamefika magotini jikoni kwangu. Flamingo watatu wamesimama kwa mguu mmoja juu ya meko, na mmoja ametia mdomo ndani ya sufuria ya ugali. Mimi namfukuza kwa mwiko. Asubuhi nilimpa Baba Watoto chai, sijafungua mdomo, naye akasema, "Mama, yule ndege angekuvunjia mwiko."

Nikamuuliza ndege gani.

"Yule wa kwenye sufuria."

Mwanzoni ilikuwa raha, sitawaficha. Watu huoana miaka ishirini wasijue mwenzao anaogopa nini, na sisi kila asubuhi tulikuwa tunakumbushana kama watu waliotoka kutazama mpira. Aliota shule yake ya msingi kule kwao Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, nami nikaamka nikijua jina la utani la mwalimu wake wa hesabu. Niliota ndoto ya nyanya yangu marehemu anachambua mboga, naye asubuhi akaniuliza kwa nini bibi yule hakumpa kiti. Nilijigamba kanisani. Kina mama wanne walichukua vijiti kwangu bure, na mmoja hanisalimii hadi leo.

Aprili 2021 niliota nimekaa kwenye benchi la hospitali Kisumu. Nikitazama chini naona viatu vya kahawia vya Baba Watoto, na miguu iliyomo ni yake. Kwapani kuna bahasha ya kaki. Mama mkwe amelala kitanda cha tatu kutoka mlangoni, amekonda, anasema, "Usimwambie yule, atapiga kelele."

Yule ni mimi.

Niliamka saa tisa usiku. Baba Watoto alikuwa macho, amegeukia ukuta. Mwanamke mwenye busara angenyamaza. Mimi niliwasha taa, nikapanda kiti, nikashusha sanduku la juu ya kabati. Hati ya ploti yetu ya Ngata haikuwemo. Palikuwa na karatasi za mkopo wa shilingi 240,000, dhamana ni ploti hiyo. Pesa zilikuwa zimekwenda kwenye figo za mama yake.

Nilipiga kelele, kama nilivyotabiriwa. Nilisema maneno yaliyovuka ukuta, nikamtaja mama mgonjwa kwa namna ambayo sitaiandika hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniuliza polepole, "Na zile elfu themanini na sita za chama ulizoficha kwenye mkebe wa unga, mimi nilikuuliza?"

Aliziona mwezi wa Januari, usingizini. Miezi mitatu alikunywa chai yangu akijua. Siku moja katikati ya miezi hiyo aliniomba mia mbili za nauli ya kwenda mjini, nikamwambia sina hata shilingi, akachukua koti lake akatembea. Kutoka Kiamunyi hadi mjini, kwa miguu, na mkebe uko rafuni.

Mkopo nilishausamehe, tena niliulipa kwa jasho langu. Safari ile ya miguu ndiyo inayonichoma. Kwa nini hakusema? Angenigombeza, ningelia, tungegawana zile pesa tukaenda pamoja Kisumu. Alinyamaza ili iweje? Wapo watakaosema aliniheshimu. Dada yangu husema hivyo kila Krismasi. Mimi naona aliniweka kwenye mizani bila kuniambia napimwa.

Baada ya wiki mbili alihamishia godoro sebuleni. Baada ya mwezi alikwenda Ahero kumuuguza mama, na mpaka sasa yuko huko.

Mtauliza kama ni maua kweli. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa mimea, mteja wangu, mtu mpole. Alinieleza kwamba tarumbeta ina sumu, atropini na skopolamini, kwenye majani, maua, mbegu na mizizi, na aliyeila anaweza kuweweseka, kuona yasiyokuwepo, hata kufa. Lakini harufu kuwapa watu wawili ndoto moja, alisema, hapana. Kuna watafiti wa Ujerumani walioripoti mwaka 2008 kwamba waliopulizwa harufu ya waridi wakiwa usingizini waliota kwa hisia njema, na waliopulizwa ya mayai viza wakaota kwa hisia mbaya. Harufu hugusa hisia, basi. Na ninyi wawili, akaniambia, mlikuwa mnasikiliza habari ileile ya ziwa kila jioni, na kila mmoja anamfichia mwenzake pesa. Mngeota nini kingine?

Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini flamingo kwenye sufuria?

Kuhusu sumu mwalimu yule namwamini, kwa sababu ilinishika. Nilikuwa nikipogoa bila glavu, nikajifuta jicho kwa kiganja. Baada ya muda nikajitazama kwenye kioo: mboni ya jicho la kulia imetanuka karibu inajaza jicho zima, ya kushoto iko kawaida. Mwanga ukaniumiza, maandishi yakawa ukungu, nikadhani ni kiharusi. Muuguzi kliniki akaniuliza kitu kimoja tu: "Umeshika mmea gani leo?" Daktari wa macho hutumia atropini hiyohiyo, au dawa za jamii yake, kutanua mboni anapotaka kuchunguza ndani. Yangu ilichukua siku tatu kurudi. Kwa hiyo vaa glavu, nawa mikono, na kama una mtoto wa kutambaa, au wa umri wa kutafuna kila kitu, mti huu usiwe ndani ya ua wako kabisa.

Ushauri wenyewe sasa. Usipande tarumbeta dirishani. Ipande mwisho wa ploti, kwenye kona yenye maji. Kama ploti ni ndogo, panda waridi. Na kama mumeo anakuficha kitu, usipande dirishani. Na kama wewe unamficha kitu, ndiyo kabisa usipande dirishani.

Niwaambie jingine, ninyi mnaofungua simu za waume zenu wakiwa bafuni. Sisi tumelelewa kupiga hodi hata mlango ukiwa wazi. Mwenye nyumba asipojibu, unarudi ulikotoka. Mimi niliingia kichwani mwa mtu usiku, nikakuta mama yake kitandani, nikatoka huko nikipiga kelele za ploti. Wewe ukiyaona ya mwenzako, mpe angalau siku moja. Pika. Muulize mama anaendeleaje. Mwanamke anayetaka kujenga hawezi kuwa mtu wa kuwasha taa saa tisa usiku, na hili nawaambia hata wale mnaodhani mna ndoa za chuma.

Biashara, kwa wanaouliza, inakwenda. Nilianza na vijiti vile na mifuko ya maziwa, leo nina miche zaidi ya 2,000, vijana wawili wa kazi, na hati ya Ngata imerudi kwenye sanduku. Zile elfu themanini na sita ndizo zilizochimba kisima cha kitalu. Baba Watoto anajua. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo, nikiwa macho.

Mti ule sikuukata. Niliung'oa dirishani nikauhamishia nyuma ya kitalu, karibu na tangi, na mimi nalala chumba cha upande wa barabara. Watoto wanasema nimezidi. Lakini kuna usiku upepo hushuka kutoka mlima Menengai na harufu hufika tu. Jumanne iliyopita ilifika. Niliota mpunga uliolala kwenye maji, na mama mkwe ameketi nje juani, amenenepa kidogo, anachambua mchele. Asubuhi nilichukua simu nikampigia Baba Watoto, nikamuuliza mama anaendeleaje. Akasema leo ametoka nje mwenyewe. Nikasema vizuri. Sikuuliza la mchele, naye hakutaja.

Dada wa Kakamega, mche ni shilingi 350, nauli ya gari ni juu yako. Nitakutumia mmoja. Nipe kwanza picha ya utakapoupanda.