Muhogo wa Machi na urea mara mbili

Umeuliza kwa nini muhogo ulioupanda Machi huko Mtwara umetoa mizizi myembamba ilhali uliuwekea urea mara mbili. Naona makosa ni mawili. Mvua za Mtwara huanza Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa nne au wa tano, kwa hiyo shina lililopandwa Machi huingia kiangazi kabla halijatandaza majani ya kutosha kulisha mizizi. Panda mvua zinapoanza kunyesha mfululizo mwanzoni mwa msimu, na palizi ya miezi mitatu ya kwanza usiiahirishe.

Kuhusu mbolea, kirutubisho pekee cha urea ni naitrojeni, nayo ikizidi hunenepesha majani (kisamvu utakipata, hilo halina ubishi), wakati muhogo huchota potasiamu nyingi ardhini na kuondoka nayo katika mizizi unayouza, hata udongo wa kichanga kama wenu ukachoka baada ya mavuno machache. Tumia NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye potasiamu ya kutosha, ukiigawa awamu mbili kabla mvua hazijakatika, na majani na mashina usiyohitaji kwa mbegu yaache shambani yaoze badala ya kuyachoma.