Maswali yenu: pesa, washawishi na uchaguzi wa Marekani

Marekani inapiga kura Jumanne, Novemba 3, 2026. Nimechagua maswali machache kati ya yale mliyouliza.

Rais hagombei safari hii. Mbona kampuni zinahangaika?

Kwa sababu viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi vinagombewa, pamoja na takribani theluthi ya viti 100 vya Seneti. Miswada ya kodi, dawa na benki hupitia kwenye kamati huko. Mwenyekiti wa kamati akiondoka, mshawishi, yaani mtu anayelipwa na kampuni kuwabembeleza wabunge, aliyemzoea kwa miaka anaanza moja.

Kampuni inaweza kumpa mgombea pesa mkononi?

Kwa uchaguzi wa Bunge la kitaifa, hapana; ilipigwa marufuku tangu 1907. Mtu binafsi anaruhusiwa dola 3,500 kwa kila mgombea, na mchujo huhesabiwa mbali na uchaguzi mkuu. Ila tangu maamuzi ya mahakama ya 2010, kampuni inaweza kumwaga pesa bila kikomo kwenye Super PAC, yaani kamati ya nje ya kampeni inayokusanya pesa na kulipia matangazo, mradi kamati hiyo isipange matumizi yake na mgombea.

Hapo kwenye “kupanga” ndipo penye utelezi. Mwaka 2014 kampeni ya Seneta Mitch McConnell iliweka mtandaoni video ya dakika mbili na ushei: mzee anatabasamu, anasaini karatasi, hasemi neno. Watu walicheka, wakaipachikia nyimbo. Lakini picha za namna hiyo yeyote, hata Super PAC, anaweza kuzichukua akatengenezea tangazo. Hawakuongea, wakaelewana.

Ni kweli mshawishi haruhusiwi kumnunulia mbunge chakula?

Kweli. Kanuni zilikazwa 2007, baada ya kashfa ya mshawishi Jack Abramoff. Vitafunio vya kwenye tafrija vinaruhusiwa, na wenyewe wanaiita kanuni ya kijiti cha meno: ukila kipande cha nyama umesimama, halali, ukivuta kiti ukashika uma, hicho ni chakula. Cha kuchekesha, mshawishi huyohuyo akija na hundi kwenye hafla ya kuchangia kampeni, wanakaa meza moja na kula mpaka washibe. Hiyo haihesabiwi kuwa zawadi. Mimi sioni tofauti, isipokuwa hundi.

Nifuatilie tarehe zipi?

Hesabu za robo ya tatu hufungwa Septemba 30, kwa hiyo wiki hiyo wagombea huombaomba kuliko kawaida. Ripoti zao hutolewa Oktoba 15, za washawishi Oktoba 20. Katika siku 20 za mwisho, mchango wa dola 1,000 au zaidi huripotiwa ndani ya saa 48. Hizo ndizo ninazosoma kwa makini, maana anayechelewa kutoa mara nyingi ameshanusa mshindi.

Kura zikishahesabiwa, michango inakoma?

Wapi! Zinafuata hafla za kulipa madeni ya kampeni. Aliyemchangia mshindwa mwezi Oktoba utamkuta huko Desemba, hundi mfukoni, akimpongeza mheshimiwa mpya.